Mashimo chini ya macho: mambo ya kujua kabla ya kukubali sindano

Sindano za kujaza mashimo yaliyo chini ya macho zinatangazwa sana katika mitandao ya kijamii, na picha zake humfikia mkazi wa kisiwa cha Nkombo kwa simu ileile ambayo mkazi wa Kigali au Nairobi anazitazamia. Sindano hizo zina manufaa yake na zina mipaka yake. Makala haya yanaeleza mashimo hayo hutokana na nini na sindano hufanya kazi gani ndani ya ngozi. Yanaeleza pia kwa nini anayeishi kisiwani ana swali moja zaidi la kuuliza kuliko anayeishi mjini: mambo yakiharibika, msaada uko umbali gani?

Uso wa alfajiri

Katika Nkombo, sekta ya Wilaya ya Rusizi iliyoko kusini mwa Ziwa Kivu, uso wenye macho yaliyoingia ndani si jambo geni. Wavuvi wa sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hufanya kazi usiku. Huiunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa ili kuwavuta samaki, na hurejea ufukweni kunapopambazuka. Akina mama wanaowasubiri ili kupeleka samaki sokoni nao wameamka kabla ya jogoo kuwika. Uchovu wa namna hiyo huonekana machoni kwanza, kwa sababu ngozi ya kope la chini ni nyembamba kuliko karibu ngozi nyingine yote ya mwili.

Uso wa uchovu hurudi katika hali yake baada ya usingizi wa kutosha na maji ya kunywa. Lakini wapo watu ambao hata wakilala siku nzima, mstari uliozama kati ya kope la chini na shavu haubadiliki. Hao ndio wanaolengwa na matangazo ya sindano, na ndio wanaostahili maelezo ya kweli.

Jambo la kwanza ni kutofautisha vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja. Kuna shimo, ambalo ni umbo: sehemu iliyobonyea. Kuna weusi, ambao ni rangi ya ngozi yenyewe au ya mishipa inayoonekana chini yake. Na kuna uvimbe, pale mafuta yanayolizunguka jicho yanapojitokeza mbele au maji yanapokusanyika kwenye kope. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu, lakini tiba yake si moja.

Shimo lenyewe huwa na sababu kadhaa. Wengine huzaliwa nalo, na hulirithi kama pua au kidevu cha ukoo. Kwa wengine huja na umri: mafuta ya shavu hupungua na kushuka, mfupa ulio chini ya jicho hurudi nyuma kidogo kidogo, na kamba nyembamba inayoishikilia ngozi kwenye mfupa hubaki palepale, hivyo ngozi huonekana kama imevutwa ndani. Kukonda sana nako huliongeza shimo hilo, kwa kuwa mafuta ya uso hupungua pamoja na ya mwili.

Shimo lisilosubiri

Kabla ya kuzungumzia urembo, kuna macho yaliyozama ambayo ni dalili ya hatari. Mtoto anayeharisha au kutapika na ambaye macho yake yameingia ndani ghafla amepungukiwa na maji mwilini. Ukanda wa Ziwa Kivu unakijua kipindupindu, na wazazi wengi wamewahi kuliona jambo hili. Ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, mtoto huwa na kiu kali au hulegea na kushindwa kunywa, na machozi hayatoki anapolia.

Mtoto wa namna hiyo anahitaji kituo cha afya mara moja. Njiani apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti inayotolewa na mhudumu wa afya ya jamii. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visivyojazwa kupita kiasi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa mtu mzima, macho yaliyozama pamoja na kukonda kusikoelezeka, homa za usiku, kikohozi kisichoisha au kiu na kukojoa mara kwa mara yanapaswa kumpeleka kwa daktari. Kifua kikuu, kisukari na utapiamlo hubadilisha uso kabla mgonjwa hajajua kuwa anaumwa. Anayejaza shimo la namna hiyo kwa sindano ataificha dalili huku ugonjwa ukiendelea.

Kilichomo ndani ya sindano

Dawa zinazotumika kujaza mashimo huitwa vijazo, na katika saluni wengi huziita fila. Vipo vya aina nyingi, lakini kinachotumiwa zaidi chini ya macho ni jeli ya asidi ya hayaluroni. Jina lake linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni sukari ndefu ambayo mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe: imo katika ngozi, katika maji ya maungio na ndani ya mboni ya jicho. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika.

Mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, waliitoa kwa mara ya kwanza kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe. Leo hutengenezwa viwandani kwa msaada wa bakteria, kisha nyuzi zake hufungamanishwa kwa kemikali ili zisiyeyuke haraka.

Wazo la kujaza uso ni la zamani zaidi. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Neuber alihamisha mafuta ya mkono wa mgonjwa ili kujaza kovu lililobonyea usoni. Baadaye watu walidungwa nta ya parafini na silikoni ya maji, na wengi waliachwa na mabonge na vidonda visivyopona. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyozifanya mamlaka za dawa kuwa makini. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kijazo cha kwanza cha asidi ya hayaluroni, Restylane, mwezi Desemba 2003. Lakini kwa ajili ya mashimo ya chini ya macho hasa, idhini haikutolewa hadi mwaka 2022, ilipopewa dawa iitwayo Juvéderm Volbella XC. Ya pili, Restylane Eyelight, ilifuata mwaka 2023. Idhini zote mbili ni za watu waliozidi umri wa miaka 21.

Karibu miaka 20 ilipita, basi, kati ya idhini ya kwanza na idhini ya eneo hili. Madaktari walikuwa wakilidunga kabla ya hapo kwa uamuzi wao wenyewe, lakini tofauti hiyo ya miaka inaonyesha kuwa chini ya jicho si mahali pepesi.

Kazi yenyewe huchukua chini ya saa moja. Daktari humketisha mtu wima, kwa sababu shimo hubadilika anapolala, kisha huweka kiasi kidogo cha jeli karibu na mfupa kwa sindano nyembamba au kwa mrija usio na ncha kali. Kiasi cha macho yote mawili mara nyingi hakizidi mililita moja au mbili. Watengenezaji hutaja matokeo ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, ingawa picha za MRI zimeonyesha kuwa kwa baadhi ya watu mabaki ya jeli hukaa kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo anayerudia kila mwaka huenda anaongeza juu ya kile ambacho bado kipo.

Kile ambacho sindano haiwezi

Kijazo hujaza nafasi. Hakifuti rangi. Jambo hili lina uzito kwa wasomaji wetu, kwa kuwa kwa watu wenye ngozi nyeusi, giza la chini ya macho mara nyingi hutokana na rangi ya ngozi yenyewe. Hurithiwa, hukolezwa na jua, na huzidishwa na kuyafikicha macho yanayowasha kwa mzio au kwa moshi. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na anayekaa juu ya maji mchana hupigwa na jua kutoka angani na tena kutoka ziwani. Kofia pana, kuyaosha macho kwa maji safi na kutibu mzio ni hatua zisizo na gharama kubwa.

Kuna jaribio rahisi la nyumbani. Simama mbele ya kioo ukielekea dirishani, mwanga uupige uso kutoka mbele. Kama giza limetoweka au limepungua sana, lilikuwa kivuli cha shimo. Kisha vuta ngozi taratibu kwa kidole kuelekea pembeni. Kama giza linabaki vilevile, ni rangi. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari, lakini linaweza kumwokoa mtu asilipie sindano isiyohusiana na tatizo lake.

Hapa ndipo linapoingia suala la mafuta ya kung'arisha ngozi. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais Paul Kagame aliandika kwenye mtandao wa Twitter akizitaka Wizara ya Afya na Polisi kulishughulikia haraka suala la kujichubua, na katika miezi iliyofuata maduka yalikaguliwa na bidhaa zenye haidrokwinoni na zebaki zikakamatwa. Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo mwaka 2025.

Hata hivyo, mafuta ya namna hiyo bado hupita mipakani katika mifuko ya mkononi, na baadhi yake yana steroidi kali. Steroidi ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi. Chini ya jicho maana yake ni kwamba mishipa huonekana zaidi na shimo huonekana refu zaidi. Inaweza pia kuingia machoni, ikapandisha shinikizo la ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtu huanza na mafuta ili aondoe weusi, weusi unazidi, kisha anashauriwa adungwe sindano. Katika hali hiyo hatua ya kwanza ni kumweleza daktari ni mafuta gani yametumika na kwa muda gani, ili yaachwe kwa utaratibu.

Madhara ya kawaida na madhara ya nadra

Wengi wanaodungwa hupata wekundu, maumivu kidogo, uvimbe na michubuko, navyo hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Jeli ikiwekwa juu mno, karibu na ngozi, inaweza kuonyesha rangi ya bluu au kuacha vinundu. Kwa kuwa jeli huvuta maji, wengine hubaki na uvimbe kila asubuhi, na waliokusudia kuondoa uso wa uchovu hujikuta na uso uliovimba. Kwa ngozi nyeusi, kila tundu la sindano linaweza kuacha alama iliyokolea kwa wiki kadhaa.

Vifaa vichafu huleta maambukizi. Mwaka 2024 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa kuhusu wateja wa kituo kimoja cha urembo kisicho na leseni katika jimbo la New Mexico, walioambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kudungwa usoni damu yao wenyewe. Huduma hiyo ilikuwa tofauti na kijazo, lakini somo ni lilelile: sindano ya urembo ni sindano, na inahitaji usafi wa hospitali.

Dhara linaloogopwa zaidi ni jeli kuingia ndani ya mshipa wa damu. Mishipa ya pembeni mwa pua na chini ya jicho imeungana na mishipa inayolilisha jicho lenyewe. Jeli ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa, inaweza kurudi nyuma kinyume na mkondo wa damu, kisha ikabebwa mbele hadi kwenye retina, utando unaopokea mwanga. Hapo mtu huacha kuona. Jambo hili ni nadra sana. Mapitio ya machapisho ya kitabibu yaliyotolewa mwaka 2015 yalikusanya visa 98 duniani kote, na mapitio ya pili ya mwaka 2019 yaliongeza visa vipya 48. Si vyote vilitokana na asidi ya hayaluroni. Katika mapitio ya kwanza, sehemu kubwa zaidi ilitokana na kudungwa mafuta ya mwili. Lakini wengi wa waliopatwa hawakuona tena kwa jicho hilo.

Dakika dhidi ya saa

Asidi ya hayaluroni ina sifa moja inayoitofautisha na vijazo vingine: ina dawa ya kuiyeyusha, iitwayo hayaluronidesi. Mshipa wa ngozi ukiziba na dawa hiyo ikadungwa mapema, ngozi huweza kuokolewa. Kwa jicho, nafasi ni finyu zaidi. Madaktari wengi huhesabu kuwa retina iliyokosa damu hupata madhara ya kudumu ndani ya muda usiozidi saa moja na nusu hivi, na hata dawa ikidungwa haraka, hakuna tiba yenye uhakika.

Sasa tuhesabu njia ya Nkombo. Anayetoka kisiwani hupanda boti hadi nchi kavu, kisha hutafuta usafiri hadi Kamembe. Kutoka Kamembe hadi Kigali, kupitia msitu wa Nyungwe, ni safari ya muda wa saa tano hadi sita kwa gari. Kamembe ina uwanja wa ndege, lakini ndege haimsubiri mgonjwa. Ziwa nalo lina mawimbi yake, na usiku boti hazipatikani kama mchana.

Hesabu hii haimaanishi kwamba mkazi wa Nkombo hana haki ya kuutunza uso wake. Inamaanisha kwamba sindano ya aina hii haifai kudungwa nyumbani, saluni, hotelini au katika chumba cha rafiki, hata kama bei ni nusu. Idungwe mahali ambapo dawa ya kuyeyusha ipo ndani ya chumba hichohicho na daktari wa macho anaweza kufikiwa kwa dakika chache. Na aliyedungwa asianze safari ya kurudi siku hiyohiyo. Dalili za mshipa kuziba zinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, na ni heri zimkute akiwa karibu na aliyemdunga kuliko akiwa katikati ya msitu au ndani ya boti.

Dalili zenyewe zijulikane. Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua. Ngozi kugeuka rangi na kuwa ya kijivu au yenye madoa kama ya marumaru, au kuwa baridi. Kwa ngozi nyeusi mabadiliko haya huonekana kwa shida, hivyo iguswe na ilinganishwe na upande wa pili. Kuona ukungu, kuona vitu viwili au kutoona kabisa. Kichwa kuuma ghafla pamoja na kichefuchefu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Yoyote kati ya hayo ni dharura ya kupiga simu wakati huohuo, si ya kusubiri asubuhi.

Maswali ya kumuuliza mdungaji

Anayekusudia kudungwa ana haki ya kuuliza, na mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali. Je, ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Rwanda, au na baraza la nchi anakofanyia kazi? Jina la dawa ni lipi, na kichupa kitafunguliwa mbele ya macho yangu kikiwa na namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi? Je, ni asidi ya hayaluroni inayoweza kuyeyushwa? Dawa ya kuiyeyusha ipo hapa sasa? Nikishindwa kuona, utanipeleka wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi?

Jibu la swali la mwisho likiwa la kubabaika, hapo pasidungwe.

Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa wasubiri, kwa kuwa usalama wa dawa hizi kwao haujathibitishwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari, wala asiziache kwa uamuzi wake. Mwenye jipu au maambukizi usoni apone kwanza. Na ziepukwe kalamu za kusukuma jeli bila sindano zinazouzwa mtandaoni: mwezi Oktoba 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya umma na wataalamu wasizitumie, kwa kuwa zimewahi kujeruhi ngozi, midomo na macho.

Kuhusu fedha, mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, imewekwa kwa ajili ya matibabu ya maradhi, si ya urembo. Gharama yote humwangukia mtu mwenyewe, na hurudia kila matokeo yanapoisha. Ni vyema anayeweka akiba kwa ajili ya sindano ahesabu pia nauli, malazi ya siku mbili na fedha za dharura. Kama hesabu hiyo haitimii, basi sindano haijawa ya bei anayoimudu.

Wapo watakaoamua kudungwa wakiwa wamejua haya yote, nao hawana sababu ya kuona haya. Wapo pia watakaojitazama kiooni mbele ya dirisha na kukuta kwamba walichokiita shimo ni weusi wa kurithi, au ni deni la usingizi ambalo hakuna sindano inayoweza kulilipa. Wote wanaweza kuanza mahali pamoja, kwa gharama ndogo: kituo cha afya kilicho karibu, ambako muuguzi anaweza kutambua kama uso uliobadilika ni wa uchovu, wa umri au wa ugonjwa.

Kwa dharura ya afya popote nchini Rwanda, gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912. Kwa maswali kuhusu afya, namba ya Wizara ya Afya ni 114, na simu hailipiwi.